Damu iko tumboni mwake: kisa cha mimba iliyopasuka nje ya kizazi katika hospitali ya misheni kijijini

Kisa hiki hakimhusu mgonjwa mmoja. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika hospitali za misheni vijijini magharibi mwa Tanzania, na namba zilizomo ni zile zinazoonekana kwa mgonjwa wa aina hii. Hospitali ina vitanda 80, jenereta moja, altrasaundi moja, na jokofu la damu ambalo wiki nyingi halina kitu. Daktari ni mgeni kutoka Ulaya, yuko kwenye mwezi wake wa tatu, ana usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika na Kiswahili cha darasani. Ni mpasuaji hodari. Kwao mgonjwa kama huyu angefanyiwa upasuaji wa kamera kupitia matundu matatu, mtaalamu wa usingizi amekaa kichwani na damu inaletwa mara tu inapoombwa. Hapa hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na bado mgonjwa anaweza kupona. Inategemea dakika zinazopita kati ya geti na kisu.

Saa 4:10 asubuhi bodaboda inasimama mbele ya mapokezi. Mama wa miaka 27, mwenye watoto wawili, ameketishwa katikati ya dereva na mumewe, kichwa kimeegemea mgongo wa dereva. Mama mkwe anafuata kwa bodaboda ya pili.

Mume anaulizwa shida, anajibu: "Ana homa, na tumbo linamsumbua tangu wiki iliyopita."

Neno hilo moja liligharimu dakika 25. Kijijini mtu husema ana homa hata kama mwili ni wa baridi. Homa ni kuumwa, basi. Mapokezi wakisikia homa wanapima malaria, na kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Kipimo hicho kinatafuta protini ya vimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mama huyu alikuwa amemaliza dawa mseto ya malaria siku chache tu zilizopita, aliyopewa zahanati kwa maumivu haya haya. Kabla ya hapo alipewa vidonge vya yutiai, na kabla ya vidonge alikunywa mizizi ya chango nyumbani. Kipimo hakikukosea. Kilijibu swali ambalo halikuwa swali la mgonjwa, na jibu lake likawafanya watu watulie. Mume akaelekezwa dirisha la malipo, akapanga foleni.

Aliyeivunja foleni hiyo ni tabibu aliyekuwa anapita kwenda wodi ya watoto. Alimvuta mama kope ya chini akaona ndani peupe kama nyama ya nazi. Akageuza kiganja, kile kile. Akambonyeza ukucha, rangi ikachukua sekunde tano kurudi. Mama alipojaribu kuketi, macho yakapinduka. Presha 74 kwa 40, mapigo 132, pumzi 28 kwa dakika, joto 36.1, uzito 52.

Kuna hesabu moja ambayo kila mhudumu wa mapokezi anapaswa kuijua, na haihitaji mashine: gawanya mapigo kwa presha ya juu. Kwa mama mjamzito au aliyejifungua, jibu likivuka 0.9 ni onyo, likifika 1.7 mgonjwa yuko ukingoni. Hapa 132 kwa 74 ni 1.78. Himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 6.8, lakini namba hiyo isimtulize wala kumtisha mtu. Anayevuja damu kwa kasi hupoteza seli na maji kwa pamoja, kwa hiyo saa za mwanzo kipimo kinaweza kusoma 11 huku mtu anakufa. Himoglobini hushuka baadaye, maji ya mwilini yanapoingia kwenye mishipa kujaza pengo. Amini mapigo, amini kope.

Maswali yaliyoulizwa vibaya

Daktari aliitwa saa 4:35 na kufika saa 4:40. Alimuuliza mama, kwa Kiswahili sahihi kabisa: "Una mimba?" Mama akajibu hapana. Hakudanganya. Wiki mbili nyuma alitokwa na damu kidogo, nyeusi, kwa siku tatu, akazihesabu kuwa siku zake. Kwa mgonjwa wa namna hii swali la mimba liulizwe hivi: "Mara ya mwisho kuona siku zako ni lini? Zilikuwa nyingi kama kawaida yako? Na zilizotangulia hizo?" Muuguzi aliyeuliza hivyo alipata jibu lingine: siku za kweli zilikuwa karibu wiki nane zilizopita.

Mama akasema pia bega la kulia linamuuma tangu usiku. Daktari alidhani ni la kubeba ndoo. Bega linalouma kwa mtu ambaye tumbo limejaa, hasa akilala chali, ni damu iliyofika chini ya kiwambo cha pumzi, msuli unaotenga kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni pamoja na ile ya bega, na ubongo unasoma maumivu mahali pasipo. Dalili hii isipuuzwe hata siku moja.

Kosa la tatu lilikuwa la saa, na nusura liharibu kila kitu. Mama alisema maumivu makali yalimpiga "jana saa kumi na moja jioni." Daktari aliandika kwenye faili: jana, 11:00. Saa kumi na moja jioni kwa saa ya Ulaya ni 17:00. Mgonjwa alikuwa amevuja kwa saa 17 na ushee; faili likasema karibu saa 24. Uamuzi wa kumrudishia mgonjwa damu yake mwenyewe, ikichotwa tumboni na kuchujwa, unategemea damu hiyo imekaa tumboni muda gani, na saa 24 ndiyo mpaka ambao wengi hawauvuki. Hospitali inayopokea madaktari wageni ichague mfumo mmoja wa saa kwa mafaili yote, na kila muda ulioelezwa na mgonjwa usomwe kwa sauti na muuguzi mzawa kabla haujaandikwa. Ni jambo la sekunde kumi.

Milango mitatu iliyofungwa

Daktari alitaka altrasaundi. Ni matamanio ya haki, lakini umeme ulikuwa umekatika, jenereta ilihitaji dakika kumi kuwashwa, na mashine ilikuwa jengo la pili. Halafu akataka rufaa: hospitali ya mkoa ni kilomita 150, masika, mwendo wa karibu saa nne. Halafu akataka damu isubiriwe: ndugu wawili wachukuliwe damu, ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, yapimwe makundi, ilinganishwe na ya mgonjwa. Mambo yote yakienda sawa, hiyo ni saa nzima.

Kila ombi peke yake lina mantiki, na ndiyo maana ni hatari. Mtu aliyesomea mahali ambapo vitu hivyo vitatu hupatikana ndani ya robo saa huviona kama hatua za lazima. Hapa kila kimoja ni kusubiri, na mgonjwa anavuja wakati wa kusubiri. Msimamo wetu ni huu: mwenye damu tumboni na presha chini ya 80 hapakiwi kwenye gari ikiwa hapo alipo kuna kisu, taa na mtu wa usingizi. Ndugu wachukuliwe damu mara moja, sambamba na maandalizi mengine, lakini pasiwepo mtu wa kusubiri damu hiyo ndipo aanze.

Uthibitisho ulipatikana kwa vitu vya kwenye trei. Mama hakuweza kukojoa, akawekewa mpira wa mkojo. Zikatoka mililita 40, nzito. Kipimo cha ujauzito kikatoa mistari miwili ndani ya dakika tano. Kisha sindano namba 18 kwenye bomba la mililita 10, tumbo la chini upande wa kushoto, nje ya msuli mkubwa wa katikati ili kukwepa mishipa inayopita nyuma yake, kibofu kikiwa kimeshatolewa mkojo. Ilivutwa polepole, ikaja damu nyekundu nzito, mililita 5, ikamiminwa kwenye tyubu kavu ya kioo na saa ikatazamwa. Dakika kumi zikapita bila kuganda.

Damu ya mshipani huganda. Damu iliyokaa tumboni kwa kawaida haigandi tena, kwa sababu ilishaganda na kuyeyuka, na fibrinojeni yake, protini ya kugandisha, imekwisha. Ikiganda, huenda umechoma mshipa, au damu inamwagika kwa kasi mno. Mtazame mgonjwa, usitazame tyubu peke yake. Na sindano ikitoka kavu, hiyo haimaanishi tumbo ni kavu.

Tyubu ile haikutupwa. Ilipelekwa maabara ikazungushwa kwenye mashine dakika tatu. Maji ya juu yalitoka ya manjano. Yangetoka ya waridi au mekundu, seli zimepasuka na damu hiyo haifai kurudishwa. Kipimo hiki kidogo ndicho kilichosahihisha kosa la saa: faili lilisema damu ni ya karibu saa 24, tyubu ikaonyesha damu ambayo bado ni nzuri, na ndipo muuguzi akamuuliza mama mara ya pili.

Saa 5:05 uamuzi ukatolewa.

Ridhaa

Mama alikuwa anajibu, kwa hiyo aliyetakiwa kuridhia ni yeye. Fomu ilisomwa kwa Kiswahili, akaweka dole gumba. Lakini nje ya mlango alikuwepo mama mkwe, na daktari mgeni anayempita bila neno atakuwa ameanzisha mgogoro utakaomfuata mgonjwa hadi nyumbani. AMO, yaani daktari msaidizi, ndiye aliyetoka kuongea naye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mnamtoa kizazi?"

"Hapana, mama. Mimba imekaa kwenye mrija, mrija umepasuka, damu inamwagikia tumboni. Tunautoa mrija huo mmoja. Kizazi kinabaki, na mrija wa pili unabaki."

"Na damu ya kumwongeza ni ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe, mama. Tunaichota tumboni, tunaichuja, tunamrudishia."

Jibu la mwisho hilo hufungua milango mingi. Hofu ya damu ya mtu mwingine ni kubwa kijijini, na mara nyingi ndiyo inayowafanya ndugu wamwondoe mgonjwa. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili.

Maji, na kwa nini yasizidi

Kanula mbili namba 16, moja kila mkono, na damu ya kupima kundi ikavutwa hapo hapo. Ringa laktati, maji ya dripu, mililita 500 zikaingizwa haraka, presha ikapanda hadi 82, nusu lita ya pili ikafunguliwa kwa kasi ndogo. Daktari alikuwa ameagiza lita tatu. Lengo kabla ya kufunga tundu ni presha ya juu kati ya 80 na 90 na mgonjwa anayeweza kukujibu, basi. Maji hayabebi oksijeni. Yanazimua vile vigandishaji vichache vilivyobaki, yanaupoza mwili, na presha ikipanda ghafla inang'oa donge lililokuwa limeziba mrija. Mgonjwa aliyefika na presha ya 74 akajazwa maji hadi 115 mara nyingi hushuka tena baada ya nusu saa, safari hii bila akiba.

Usingizi

Mpango wa kwanza wa daktari ulikuwa sindano ya mgongo, kwa sababu ndiyo iliyotumika kwa kila upasuaji wa uzazi tangu afike. Muuguzi wa usingizi aliposikia alisema: "Sawa, daktari," akaanza kupanga trei taratibu sana. Daktari alikuwa na bahati ya kusimama akamtazama, akauliza: "Wewe ungefanyaje?"

"Daktari, tukimchoma mgongo, presha yote itaanguka. Huyu ni wa ketamini."

Kwa wahudumu wengi waliolelewa kuheshimu mkubwa wao wa kazi, sawa maana yake ni nimekusikia, wala si nimekubali. Mgeni asiyelijua hilo atazungukwa na watu wenye majibu ambayo hayatasemwa. Njia ni ile ile aliyoitumia huyu: uliza swali ambalo haliwezi kujibiwa kwa sawa.

Muuguzi alikuwa sahihi. Sindano ya mgongo inalegeza mishipa ya nusu ya chini ya mwili, na kubana kwa mishipa hiyo ndiko kulikobakiza presha ya 82. Ketamini, dawa ya usingizi, kwa mtu aliye kwenye shoku, yaani ambaye presha imeanguka kwa kupoteza damu, ni nusu hadi miligramu 1 kwa kila kilo, chini ya dozi ya kawaida. Hapa ilitolewa miligramu 50. Soma kichupa: ketamini huja kwa miligramu 10 kwa mililita na kwa miligramu 50 kwa mililita, na kuchanganya hizo mbili ni kosa la mara tano. Atropini, ya kupunguza mate, ikatangulia. Oksijeni lita 5 kwa dakika kutoka kwenye konsentreta, mashine inayovuta oksijeni hewani, jenereta ikiwa imeshawashwa, na silinda imesimama pembeni kwa sababu jenereta huzima. Mashine ya kunyonya matapishi iwekwe karibu na kichwa. Tumbo la chakula huenda limejaa, na ketamini haimzuii mtu kupaliwa.

Mpangilio ndio unaookoa. Tumbo lilisafishwa na kufunikwa vitambaa, daktari na AMO wamevaa glovu na kisu kiko mezani, ndipo dawa ya usingizi ikaingia. Tumbo lililokakamaa linabana damu isimwagike. Misuli ikilegea, kizuizi hicho kinaondoka. Mgonjwa akishalala halafu mpasuaji ndiyo kwanza anaenda kunawa, dakika hizo tano zinaweza kuwa za mwisho. Sala ya kabla ya upasuaji, ambayo ni desturi ya hospitali hizi, ilisaliwa wakati mikono inanawishwa. Mama mwenyewe aliitikia amina.

Upawa, gozi na faneli

Saa 5:38 kisu. Mkato wa katikati, kutoka chini ya kitovu, sentimita 12. Mkato wa kulala chini unapendeza zaidi lakini unachukua muda, na ukikuta jambo usilolitegemea huwezi kuurefusha kwenda juu. Kabla ya kufungua utando wa ndani, ambao ulionekana wa buluu kwa damu iliyo nyuma yake, kila mtu aliambiwa kazi yake: mkono wa daktari unaenda kwenye kizazi, mkono wa AMO unachota.

Tundu dogo kwanza, damu ikaanza kupanda. AMO akaikinga kwa upawa wa chuma, upawa huu huu wa kupakulia mchuzi uliopitishwa otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, akamimina kwenye beseni safi. Daktari akapanua tundu, akaingiza mkono nyuma ya kizazi, akakinyanyua hadi kwenye mdomo wa jeraha. Mrija wa kulia ulikuwa umevimba, umepasuka sehemu yake pana, tundu la sentimita 2. Koleo mbili za kubana mishipa, moja upande wa kizazi, moja chini ya mrija kwenye utando unaobeba mishipa yake. Damu ikasimama dakika ya nne tangu kisu. Tangu hapo hakuna haraka tena kwa mpasuaji. Haraka ni ya damu.

Uchujaji ulikwenda hivi. Faneli ya chuma, ndani yake gozi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, tabaka sita. Gozi ilowanishwe kwanza kwa maji ya chumvi ya dripu, kisha maji hayo yamwagwe, kwa sababu gozi kavu hunyonya damu nyingi na seli hushikamana nayo. Mwanzoni ziliwekwa tabaka mbili. Vipande vya damu iliyoganda vikapita na kuziba kichujio cha mpira wa kuongezea damu, ikabidi mpira ubadilishwe. Dakika tatu zikapotea. Juu ya gozi hubaki donge, jekundu nyeusi, laini kama ini la kuku. Donge hilo usilikamue. Kukamua kunapasua seli na kusukuma vipande chini. Gozi ikielemewa, tupa, weka nyingine.

Chini ya faneli uko mfuko wa damu wa mililita 450, ule ule wa kuchangia, ambao ndani una mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda, yenye sitrati. Kona ya juu ilisafishwa kwa dawa, ikakatwa kwa wembe safi wa upasuaji. Mfuko kwa nje si safi kama vyombo vya mezani, kwa hiyo anaushika muuguzi wa nje, na muuguzi wa mezani anamimina kutoka juu bila kuugusa. Mfuko ukijaa, mdomo unakunjwa na kubanwa kwa koleo, unatundikwa, na damu inapita kwenye mpira wa kuongezea damu wenye kichujio. Usitumie mpira wa dripu ya kawaida.

Dawa ya mfuko imepimwa kwa mfuko uliojaa, yaani mililita 14 kwa kila mililita 100 za damu. Mfuko wa tatu ulitarajiwa kupata 300 tu; kwa hiyo mililita 21 zilimwagwa kwanza, zikabaki 42. Ukisahau, mgonjwa anapata sitrati ya ziada, na sitrati inakamata kalsiamu ya damu yake: midomo huwasha na vidole hukakamaa kwa aliye macho, na kwa aliyelala utaona presha inashuka bila sababu. Baada ya mfuko wa tatu alipewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10, polepole kwa dakika kumi. Pasipo na mifuko, chupa safi ya kioo na sitrati ya sodiamu hufanya kazi: mililita 10 kwa kila mililita 90 za damu.

Mambo mawili yalikatazwa mezani. Mashine ya kunyonya isiguse damu inayorudishwa, maana nguvu yake na povu lake hupasua seli. Na maji ya kuoshea tumbo yasimwagwe mpaka damu yote inayofaa imeshachotwa. Kama kungekuwa na harufu, kinyesi, usaha, au maji ya uzazi ya mimba kubwa, damu yote ingeachwa. Mililita 1,200 zilirudi mwilini. Madonge yaliyobaki, karibu nusu lita, yalitupwa. Mama wa kilo 52 ana damu ya takriban lita tatu na nusu. Nusu yake ilikuwa tumboni.

Hakuna jipya katika haya yote. Robert Lawson Tait alifunga mrija uliopasuka na kumwokoa mgonjwa Birmingham mwaka 1883, na Johannes Thies wa Ujerumani aliandika juu ya kuwarudishia damu yao wagonjwa wa mimba za nje mwaka 1914. Nchi tajiri ziliiacha njia hii zilipopata benki za damu, na madaktari wanaotoka huko mara nyingi hawajawahi kuiona. AMO wa hospitali hii alikuwa ameifanya mara nyingi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mrija ulikatwa wote, haukushonwa. Mrija uliopasuka hivi ukishonwa huvuja tena au hubeba mimba nyingine mahali pale pale. Wa kushoto ulikaguliwa, ukaonekana mzima. Kidoletumbo kikaachwa. Kwa mgonjwa wa shoku, kila kazi ya ziada ni damu ya ziada. Tumbo likaoshwa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu na kufungwa, saa 6:25.

Baada ya hapo

Damu iliyotoka tumboni ina seli za kubeba oksijeni, lakini vigandishaji havimo. Kwa hiyo muuguzi alitazama matundu ya kanula na mshono kila dakika 15 kama yanachuruzika. Chupa ya damu ya shemeji ilikuwa tayari saa 7:10, bado ya moto wa mwili, ikaingizwa wakati huo. Ndiyo mahali pake hasa: mbichi, yenye vigandishaji, na tundu limeshafungwa. Ingemiminwa kabla ya kisu, nusu yake ingeishia tumboni. Mkojo wa saa ya kwanza ulikuwa wa rangi ya chai, dalili ya seli chache zilizopasuka. Ukasafika jioni, ukikaa juu ya mililita 30 kwa saa. Blanketi mbili, na dripu zikapashwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

Kundi lake lilikuwa O chanya. Angekuwa hasi, angehitaji sindano ya kinga ya anti-D ndani ya saa 72, ambayo hospitali nyingi za vijijini hazina na lazima iagizwe mapema siku ile ile.

Mrija ulionyeshwa kwa mume na mama mkwe kwenye bakuli. Baadhi ya wageni huona hilo ni ukatili. Kwa familia inayojiuliza kama kizazi kimeibwa, ni uthibitisho ambao maneno hayawezi kuutoa. Siku ya pili himoglobini ilikuwa 7.9, mama amekunywa uji na kutembea hadi dirishani. Aliruhusiwa siku ya tano na vidonge vya madini ya chuma vya miezi mitatu, na karatasi yenye sentensi moja kwa Kiswahili: siku zikichelewa wiki mbili, njoo upigwe altrasaundi hata kama hujisikii vibaya. Mtu aliyepata mimba ya nje mara moja ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kuipata tena. Bili ilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii baada ya matibabu, na kwa mgonjwa wa dharura haikustahili kwenda kokote kabla ya hapo.

Hospitali ilibadilisha mambo mawili wiki iliyofuata. Mapokezi walipewa amri ya kudumu: mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo na kizunguzungu au kuzirai anapita foleni zote, presha na mapigo vinagawanywa, na mkojo unapimwa mimba kabla ya malaria, kwa mpira kama hawezi kukojoa. Na thieta ikapata furushi lake: upawa mmoja, beseni, faneli, gozi kubwa kumi, vyote vimefungwa kwa kitambaa na kupikwa kwenye otoklevu nyuzi 121 kwa dakika 30, tarehe imeandikwa kwa kalamu juu ya utepe. Pembeni yake mfuko wa nailoni wenye mifuko minne ya kuwekea damu, iliyotazamwa tarehe ya kuisha, mipira mitatu yenye vichujio, kichupa cha kalsiamu na karatasi ya zile hesabu za 14 kwa 100. Furushi linatundikwa ukutani kwenye msumari wake, halifungiwi kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda likizo. Kila Jumatatu muuguzi wa thieta analishusha, anahesabu, anasaini.

Mkataba wa daktari mgeni una mwisho, mara nyingi miaka miwili, wakati mwingine miezi sita. Mgonjwa ajaye wa namna hii, kisu ashike AMO, na mgeni ashike upawa.